Rejeta Haikuwa na Tone

Kisiwani Mombasa, mwenye gari kuukuu linalochemka haulizi mara mbili. Ataambiwa nenda Ganjoni, zipite skuli, ukisikia harufu ya lehemu basi umefika kwa Jaffar. Banda lenyewe ni mabati manne na mti mmoja wa mkungu, na rejeta zimetundikwa ukutani kama mbavu buchani. Kwao ni Mji wa Kale, mtaa wa Kibokoni, mtoto wa mafundi wa milango. Baba alichonga mbao, mwana akaangukia shaba na risasi. Miaka thelathini na minne ameinamia rejeta za watu, na katika miaka hiyo yote, nawaambia, hakupata kuitwa mwongo. Likumbukeni hilo, maana yeye mwenyewe alilikumbuka mno, na ndilo lililomponza.

Kazi hii ina mila zake. Gari likija na joto, fundi wetu wa pwani, kabla hajaangalia kingine, mkono wake hukimbilia themostati. Hicho ni kidude cha shaba, saizi ya kikombe cha kahawa, kinachokaa kwenye shingo ya maji ya injini. Injini ikiwa baridi huziba njia. Ikipata moto hufunguka, maji yakaenda kwenye rejeta kupoa. Mafundi hawakupata kukipenda. Walisema hicho ni cha nchi za theluji, kwa watu wanaoamka asubuhi injini imeganda. Hapa kwetu, na jua hili, cha kazi gani? Kitoe, maji yapite wazi. Jaffar alifundishwa hivyo na aliyemfundisha, na huyo naye alifundishwa hivyo hivyo, na hakuna aliyeuliza. Kila alichokitoa alikitia katika kopo la samli chini ya meza. Yalikuwa makopo matatu, yote yamejaa. Mteja akiyaona, Jaffar hujisifu kidogo, ati hayo ndiyo maradhi aliyoyatoa katika magari ya watu.

Basi kulikuwa na gari la Bi Ruweida.

Bi Ruweida ni mjane wa Bwana Saif, mfanyabiashara wa viungo, Mungu amrehemu. Marehemu alimwachia nyumba Mji wa Kale na Landkruza ya kijivu ya mwaka wa themanini na tano, na mbali huko Kinango alichimbisha kisima. Kila Shaaban, kabla mwezi wa Ramadhani haujaandama, gari hilo hupakiwa unga, tende, sukari na mafuta likapelekwa kwa watu wa kisimani, wafuturu. Bwana alipokufa, Bi Ruweida akaapa kwamba sadaka hiyo haitakatika yeye akiwa hai. Aliyelipeleka gari miaka yote ishirini na miwili ni Tsuma, Mrabai, mtu mrefu, mpole, asiye na maneno. Huyo Tsuma hakunywa chai yake asubuhi kabla hajalinywesha gari. Alifungua kifuniko, akaingiza kidole, akaona maji, akafunga, akanawa. Hapo ndipo alipokwenda kuomba kikombe chake jikoni.

Mwaka jana, siku chache kabla ya safari, Tsuma akaliona gari linapandisha joto kidogo kwenye vilima. Akalileta kwa Jaffar. Jaffar akaishusha rejeta, akaifungua juu na chini, akapitisha fito katika mirija yake mmoja mmoja. Likatoka tope jekundu la kutu, na nje kati ya mapezi palikuwa na vumbi, mbegu na mbawa za wadudu wa miaka na miaka. Akasafisha, akatia lehemu, akarudisha. Hiyo peke yake ilikuwa tiba tosha. Angekomea hapo, mimi leo nisingekuwa na la kuwasimulia. Lakini mkono una mazoea yake. Akafungua shingo ya maji, akaing'oa themostati, akaitupa koponi.

Tsuma alikuwa amesimama hapo hapo. Akauliza, kwa adabu zake, kama si vizuri kukiacha, kwani marehemu Bwana Saif alikuwa akisema kidude hicho kisiguswe. Jaffar akamcheka. Akamwambia yeye Tsuma ni wa usukani, injini amwachie mwenyewe. Kila ndege huruka kwa ubawa wake. Tsuma naye akacheka, kama mtu aliyeambiwa akae pale pake akakaa. Siku mbili alizungukazunguka mjini, mshale wa joto ukalala chini kabisa, chini kuliko alivyowahi kuuona. Akarudi bandani makusudi kumtaka radhi Jaffar kwa kumtilia shaka.

Alhamisi wakapakia. Bi Ruweida magoti yalikuwa yakimsumbua, hakwenda. Tsuma akatoka peke yake na mzigo. Mpaka Changamwe hakuna neno. Baada ya Miritini, njia ilipoanza kupanda kwenda Mazeras, mshale ukainuka, ukapita kati, ukaendelea. Tsuma akasimama, akangoja injini itulie, akatia mtungi wa maji. Akaenda kidogo, ukainuka tena. Akasimama, akatia mtungi wa pili, na huo ndio uliokuwa wa mwisho. Mara ya tatu hakuwahi kusimama mwenyewe. Injini ilitoa moshi mweupe ikanyamaza katikati ya mlima, malori yanampigia honi nyuma. Watu wa kisimani walingoja mpaka jua likachwa.

Gari lilivutwa mpaka Ganjoni. Bi Ruweida akaja na tuktuk, buibui lake limejaa vumbi, uso umekunjamana kwa aibu ya watu aliowaahidi. Walikuwapo mafundi wengine na majirani, maana penye gari bovu hapakosi wasemaji. Jaffar akainua boneti. Alipofungua kifuniko, ndani pakavu, shaba imegeuka rangi. Kisha akaenda nyuma kutafuta kitambaa, akaiona ile mitungi miwili. Ilikuwa mitupu, na midomo yake bado ina umajimaji. Aibu ya maiti aijuaye ni mwosha. Palepale akakumbuka kopo la samli, akakumbuka swali la Tsuma. Sisemi kwamba alijua. Nasema alishuku, na akaamua kutojua.

Bi Ruweida akamwita kwa jina lake.

"Jaffar, wewe husemi uongo. Rejeta ilikuwa na maji?"

"Haikuwa na tone, Bi Ruweida."

Haya, hapo pana uongo? Hapana hata chembe. Haikuwa na tone kweli. Lakini kuna ukweli unaosemwa wote na kuna ukweli unaokatwa katikati kama samaki, mtu akauziwa kichwa, mkia ukafichwa. Tsuma akasema kwamba yeye alitia, alitia mara mbili, na asubuhi kabla hajatoka alitia. Akamwangalia Jaffar, amsaidie. Jaffar akainama kutafuta spana, na spana ilikuwa mkononi mwake.

Sasa mwezi mmoja nyuma Tsuma alikuwa amesahau kuvuta breki ya mkono, gari likateleza likagonga kibaraza cha jirani. Jambo dogo, lilikwisha kwa kucheka. Siku hiyo likafufuka. Bi Ruweida hakumfokea. Alimwambia taratibu tu kwamba amechoka, umri umekwenda, akapumzike. Tsuma akatoa ufunguo mfukoni, akaufuta kwa shati, akaupokeza kwa mikono miwili. Ndivyo alivyoachishwa kazi mtu wa miaka ishirini na miwili. Jaffar akajiambia ataliweka sawa wiki ijayo, watu wakitulia. Wiki ijayo! Mwanadamu bwana.

Injini akaitengeneza, hedi, yaani kichwa cha injini, akaipeleka kusawazishwa, gasketi mpya akatia, themostati hakurudisha. Bi Ruweida akaajiri kijana wa Ganjoni aitwaye Kyalo, ambaye safari zake ni sokoni, hospitali na nyumba za matanga. Kwenye njia tambarare gari halikusumbua, na Jaffar akajishikiza kwenye hilo. Akajisemesha kwamba pengine kweli Tsuma alisahau. Pengine mitungi ilikuwa mitupu tangu nyumbani. Pengine ule umajimaji ulikuwa wa mvua, na mvua wiki ile haikunyesha.

Tsuma akapata kazi ya ubawabu Kibarani, kwenye lango la ghala la vyuma vikuukuu. Na Jaffar shaba yake huinunua wapi? Hapo hapo. Kila mwezi mara moja au mbili hana budi kulipita lango lile. Angekuta amenuniwa ingekuwa afadhali. Lakini Tsuma alikuwa akisimama, anampa kiti chake mwenyewe, anamtilia chai ya rangi kutoka chupa yake, kisha anaulizia lile gari kama mtu anayeuliza mtoto aliyeozwa mbali. Laendeleaje? Mshale umetulia? Huyo kijana hulinywesha maji asubuhi? Jaffar hujibu ndiyo, ndiyo, ndiyo, anaimeza chai inamchoma, anaondoka hata shaba hakuichagua vizuri. Kikulacho ki nguoni mwako. Alianza kutafuta muuzaji mwengine wa shaba, akamkosa.

Jambo likamfunukia mwezi wa tisa. Alikuja mzee Mutunga, Mkamba, aliyekuwa fundi wa mitambo bandarini Kilindini hata akastaafu, anakaa kwenye maghorofa ya huko huko Ganjoni. Alileta rejeta ya pikapu yake kutiwa lehemu. Wakati anangoja, akayaona makopo matatu chini ya meza, akauliza ni nini. Jaffar akampa ile hadithi yake ya maradhi. Mutunga hakucheka. Aliomba sufuria, akaibandika juu ya jiko la lehemu, akachagua themostati koponi, akaitumbukiza.

Maji yalipopata moto, kidude kikajivuta. Juu kikafunguka kama kinywa. Mutunga akakiinua kwa koleo, akamwonyesha chini: kuna kisahani cha pili, na kilipofunguka cha juu, hicho cha chini kilishuka. Akamweleza bila haraka. Injini kama ya Landkruza kuukuu ina njia mbili za maji. Moja yaenda kwenye rejeta. Nyengine ni ya mkato, yazunguka ndani ya injini tu. Moto ukizidi, kisahani cha chini huiziba njia ya mkato ili maji yote yapite kwenye rejeta. Ukiing'oa themostati, hiyo njia ya mkato hubaki wazi, na sehemu kubwa ya maji hurudi kwenye injini yakiwa na moto wake. Mjini hutaona kitu, tena mshale utalala chini, utafurahi. Panda mlima na mzigo, hapo utapika injini, hata utie maji ya bahari nzima. Akaongeza kwamba anajua mafundi wa pwani wanafanya hivyo, na kwamba siku zote husingiziwa dereva.

Siku zote husingiziwa dereva. Mzee wa watu hakumlenga yeyote. Alilipia rejeta yake akaenda zake, na Jaffar akabaki amekaa juu ya ndoo, sufuria inachemka mpaka maji yakakauka.

Mnadhani alifanya nini? Alikwenda kwa Bi Ruweida? Alikwenda Kibarani? Hakwenda. Alimwambia Kyalo alilete gari abadilishe oili, na Kyalo alipotoka kwenda kununua viazi karai, Jaffar akaitia themostati mpya, akafunga, akafuta alama za vidole. Gari akalitengeneza kisirisiri, mtu akamwacha vile vile. Wiki ile Bi Ruweida, katika wema wake, akamletea sahani ya mahamri na mbaazi kumshukuru kwa kuliangalia gari bila kuombwa. Jaffar alimega hamri moja, akaliacha. Mengine akawapa mafundi wenzake, wakamwombea dua mama wa watu.

Mara Rajab ikafika, na Shaaban iko mlangoni. Asubuhi moja Bi Ruweida akaja mwenyewe bandani, akakataa kiti, akasimama na bakora yake. Alisema Kyalo njia ya Kinango haijui na milima anaiogopa. Alisema moyo wake unamtaka Tsuma, kwamba nyumba imekuwa kama imepungukiwa nguzo, lakini anaogopa kuwaabisha tena watu wa kisimani. Kisha akalitoa lililomleta.

"Wewe ndiwe uliyeona kwa macho yako. Mtu aliyesahau maji mara moja, hatasahau tena?"

Tazameni, Mungu alimletea mlango mpaka miguuni, ulikuwa wa kusukuma tu. Jaffar akasema Mungu ndiye ajuaye. Hilo tu. Bi Ruweida akashusha pumzi, akalichukua hilo kuwa ni hapana ya mtu mstaarabu, akamshukuru, akaenda zake akitegemea bakora.

Mchana ule Jaffar hakula. Mwanaesha, mkewe, alimpakulia wali na papa wa nazi, akarudi akaukuta umepoa. Mwanaesha si mtu wa kubembeleza. Akaketi mbele yake akamwambia huu mwaka ushaisha anamwangalia akipungua, na kama ni maradhi waende hospitali, na kama ni mke wa pili amtaje. Jaffar akacheka, kicheko kikageuka kingine, akamweleza yote, kopo, mitungi, spana iliyokuwa mkononi. Mwanaesha alisikiliza bila kumkatiza. Alipomaliza, mkewe alikuwa anamwangalia kama anayemwona upya, na si kwa uzuri.

"Mdomo uliosema haikuwa na tone ndio huo huo utakaosema kwa nini," akamwambia. "Mficha uchi hazai. Nenda."

Jaffar akasema watu watamwona mwongo. Mwanaesha akasema basi watakuwa wamemwona.

Kesho yake baada ya sala ya alasiri, alibisha kwa Bi Ruweida na mkobani ana sufuria, jiko dogo la mafuta ya taa na themostati ya gari lile lile, ile aliyoitafuta koponi mpaka akaipata. Alikuwa amekwisha kumtumia Tsuma ujumbe aje. Tsuma alikuja na kanzu yake ya Ijumaa ya wakati wa Bwana Saif, kanzu aliyopewa na marehemu. Nadhani alitaraji kuitiwa kazi. Jaffar alipoiona ile kanzu alikaribia kugeuka arudi.

Hakugeuka. Alitandika gazeti juu ya sakafu ya ukumbi, akawasha jiko, akabandika maji. Bi Ruweida akauliza mambo gani haya ya kupikia ukumbini. Jaffar akamwomba avumilie. Maji yalipopata moto akakitumbukiza kidude, kikafunguka, akawaonyesha juu na chini kama alivyoonyeshwa. Alieleza vibaya, akarudia. Akasema, hiki nilikitoa mimi. Tsuma alinikataza nikamcheka. Gari lilichemka kwa sababu yangu, na maji yaliisha kwa sababu yalichemka. Mitungi niliiona, ilikuwa mitupu, imelowa. Nilijua alitia, nikanyamaza. Na jana uliponiuliza, nikanyamaza tena.

Bi Ruweida akasema neno moja tu, bila kuinua sauti, na Jaffar angependa zaidi amtupie bakora.

"Nilikuuliza wewe kwa sababu nilikuamini."

Akageuka kwa Tsuma. Akamwambia kwamba yeye ndiye wa kutaka radhi, kwa kuwa alimhukumu kwa ulimi wa mtu mwengine. Akasema kwamba Idi ile iliyopita Tsuma alikuja nyumbani kwake na kilo ya tende, akamtaka radhi kwa kusahau maji, naye akamsamehe. Alimsamehe kosa lisilokuwapo! Jaffar hilo hakulijua.

Tsuma hakuonyesha hasira. Alikuwa anaitazama sufuria. Alikiinua kile kidude kwa ncha ya kanzu, akakigeuzageuza, kikajifunga taratibu kikipoa kiganjani mwake.

"Kwa hiyo nilitia?" akauliza.

"Ulitia," Jaffar akamjibu. "Mara mbili, na asubuhi."

Tsuma akasema hapo mwanzo alikuwa na hakika. Lakini kila mtu alisema hakutia, na Fundi Jaffar hasemi uongo, basi akaanza kuitafuta ile asubuhi kichwani, akitafuta mkono wake na mtungi, na kila alipoitafuta ilikuwa inafifia. Mwisho akaamini kwamba alisahau. Mke wake, Kache, alikuwa akimwambia hapana, wewe hukusahau, naye alimkemea mkewe kwa kumtetea. Aliyasema hayo kama anayehadithia ya mtu mwengine. Kisha akauliza tena, polepole, kama ni kweli alitia. Jaffar akamjibu tena ndiyo. Maji yakimwagika hayazoleki, nayo yalikuwa yamemwagika hapo mbele ya macho yake, naye hana la kuyazolea.

Bi Ruweida akainuka, akaleta ufunguo. Tsuma hakuunyoshea mkono mara moja. Aliuangalia, akaangalia mlango, akasema labda wampe Kyalo usukani na yeye akae pembeni amwonyeshe njia. Bi Ruweida akakataa. Akasema ataendesha Tsuma au sadaka haitaondoka. Na Jaffar, akasema bila kumtazama, atapanda naye.

Basi Shaaban hii, siku ya Alhamisi, walitoka wawili. Nyuma unga na tende, na mitungi ya maji, si miwili tena, ilikuwa minne. Asubuhi ile Tsuma alifungua kifuniko, akaingiza kidole, akafunga. Akafungua tena. Jaffar alikuwa amesimama karibu, akaona.

Gari lilikuwa salama kabisa. Rejeta safi, themostati mpya, mshale umekaa katikati kana kwamba umegandishwa hapo. Wakavuka Makupa, wakapita Kibarani na lile lango la vyuma, wakapita Changamwe. Miritini, kabla ya mlima, Tsuma akasimama kando. Jaffar akamwonyesha mshale. Tsuma akautazama, akasema ameuona, akashuka. Akainua boneti, akachukua mtungi, akatia maji kwenye chupa ya akiba ya rejeta, iliyojaa tayari, maji yakamwagikia njiani. Kisha akamgeukia Jaffar.

"Fundi, umeniona nikitia?"

"Nimekuona."

Wakapanda. Mazeras juu, mshale pale pale, Tsuma akasimama tena, akashuka, akatia, akauliza. Mariakani vile vile. Jaffar alishuka naye kila mara, akasimama mbele ya boneti mikono ameifunga, akajibu kila mara. Alitaka kumwambia hakuna haja. Alitaka kumwambia mengi, lakini nani amwamini yeye sasa, na kwa neno lake lipi? Ndiye aliyeuvunja mkono wa mtu huyu ndani ya kichwa chake, na kwa kuunga mkono wa namna hiyo lehemu haitengenezwi.

Waliingia njia ya vumbi ya kwenda Kinango, watu wa kisimani wako mbele si mbali, yaonekana mikungu ya ndizi waliyoitundika kuwapokea. Tsuma akasimama mara ya nne. Mtungi ulikuwa wa mwisho. Akatia taratibu, maji yakafurika yakatelemka yakanyweka vumbini, naye akaendelea kutia mpaka mtungi ukaisha.

"Umeniona?"

"Nimekuona, Tsuma. Umetia."

Tsuma akaitikia kwa kichwa, akafunga boneti, wakapanda. Hawajamaliza hata hatua ishirini, akapunguza mwendo, akamwuliza kama amemwona akikifunga kifuniko.